Picha Yangu, Ruhusa ya Nani?

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja. Mtu kahariri picha, kamaliza, kabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kompyuta imemjibu kwamba hana ruhusa. Picha kaipiga mwenyewe, kompyuta ni yake, na bado anaambiwa hana ruhusa! Hasira zenu nazielewa. Tatizo ni kwamba wengi mnaniandikia mkiwa mmeshaifunga programu na kazi imekwenda nayo, kwa hiyo hili nalisema kabla ya barua ya kwanza: mkikataliwa, msifunge chochote. Mabadiliko yako bado yamo ndani ya programu iliyo wazi. Nenda kwenye "Save As", ipe picha jina jingine, ipeleke mahali pengine kabisa, kwa mfano kwenye flashi. Ikikubali, umeokoa kazi, na papo hapo umejua kwamba programu haina neno. Kasoro iko kwenye faili lile au folda ile. Ikikataa kila unakoipeleka, programu yenyewe inazuiwa na kitu. Nitakuwa naliita hilo jaribio la jina jipya, na sitalieleza tena.

Tuanze.

Swali: Shikamoo Fundi. Napiga picha za harusi, nazisafisha kwa Photoshop kwenye Windows. Nikimaliza kurekebisha rangi nabonyeza Ctrl+S, naambiwa faili limefungwa, au sina ruhusa, au kuna programu nyingine inalitumia. Sasa ni lipi kati ya hayo matatu? Na cha ajabu, picha mbovu zinakubali kusevu. Zile nzuri ndizo zinazokataa. Rafiki yangu anasema ni virusi. (Mpiga picha wa harusi)

Jibu: Marahaba. Virusi vyenye jicho la kuchagua picha nzuri bado sijavisikia. Photoshop inakutajia sababu tatu kwa mpigo kwa kuwa yenyewe haijui ni ipi. Imeiomba Windows iandike juu ya faili la zamani, Windows imekataa, nayo inakuwekea mezani kila inachokishuku ujichagulie. Wewe lakini umeshanipa jibu bila kujua: zinazokataa ni zile nzuri.

Chukua kamera yako, tazama nyuma. Kamera nyingi zina kitufe au chaguo la kulinda picha, lenye alama ya ufunguo. Nadhani ukimaliza shughuli unakaa pembeni, unapitia picha, na zile unazozipenda unazilinda ili zisifutwe kwa bahati mbaya. Kamera inapoilinda picha, huliwekea faili alama ya kusomwa tu, na alama hiyo husafiri na faili kutoka kwenye kadi hadi kwenye kompyuta. Photoshop hulifungua bila shida, maana kusoma kunaruhusiwa. Ukitaka kuandika juu yake ndipo mlango unafungwa.

Dawa yake ni ndogo. Zichague picha zote kwenye folda, bofya kulia, fungua "Properties", ondoa tiki kwenye "Read-only", kubali. Usihangaike na kisanduku kama hicho kwenye folda yenyewe. Mara nyingi utakikuta na alama ya mraba ndani, utakiondoa, utarudi na kukikuta vilevile. Kwa folda kisanduku hicho hakizuii kuhifadhi. Kipo kwa ajili ya mafaili yaliyo ndani tu. Nimeona watu wakipoteza jioni nzima wakipigana nacho.

Na kwa kuwa nimeitaja kadi: ulinzi ule wa ufunguo huzuia kufuta tu. Ukiifomati kadi, picha zilizolindwa nazo zinaondoka. Usije ukautegemea.

Wasomaji wengine wanaopata ujumbe huohuo bila kuwa na kamera ya namna hiyo, washuku programu nyingine inayolishikilia faili. Kuna jaribio la haraka: bila kuifunga Photoshop, nenda kwenye folda ujaribu kulibadilisha jina lile faili. Likiwa limeshikiliwa, Windows itakataa, na mara nyingi itakutajia jina la programu inayolishika. Washukiwa wakubwa ni kidirisha cha kuonyesha picha kilicho pembeni mwa folda, programu za kupandisha mafaili mtandaoni kama OneDrive na Dropbox, na programu ya kutazama picha uliyoiacha wazi nyuma ya madirisha mengine. Hao wa mtandaoni huachia wenyewe wakimaliza kupakia, kwa hiyo subiri kidogo ubonyeze tena.

Mwisho kuna wale wanaofungua picha moja kwa moja kutoka ndani ya ZIP au kutoka kwenye kiambatisho cha barua pepe. Hapo unachohariri ni nakala ya muda iliyofichwa mahali usipopajua, na mara nyingi ni ya kusomwa tu. Toa picha kwanza, iweke kwenye folda yako, ndipo uifungue.

Swali: Dada Fundi, habari za kazi. Nina Windows 11 na kiprogramu kidogo cha bure cha kuhariri picha, hakihitaji hata kuinstoliwa. Nikisevu kwenye Pictures au Desktop kinaniambia faili halikupatikana, nihakikishe jina. Halipatikani vipi wakati ndiyo kwanza nalitengeneza? Nikisevu kwenye diski D linakubali bila neno. Folda ya Pictures naiona kwa macho yangu haya. (Mwalimu wa sanaa)

Jibu: Salama dada. Barua yako naipenda kwa sababu jaribio la jina jipya umelifanya mwenyewe, na matokeo yake yanasema mengi: D ndiyo, Pictures na Desktop hapana. Hizo mbili zimo kwenye orodha ya folda zinazolindwa na kipengele kinachoitwa "Controlled folder access".

Microsoft walikileta mwaka 2017, kwenye Windows 10, kwa ajili ya virusi vinavyoyafunga mafaili ya watu kwa msimbo na kudai fidia. Picha ni windo zuri la wahalifu hao, maana hakuna pesa mtu asiyoitoa kuokoa picha za wanawe. Kikiwashwa, programu isiyofahamika haiandiki kitu ndani ya Documents, Pictures, Videos, Music wala Desktop. Ni kama askari wa getini aliyepewa orodha: programu mashuhuri anazijua anazipitisha, kiprogramu chako hajawahi kukiona, anakirudisha. Tena anakirudisha kimyakimya, bila kukieleza sababu. Kiprogramu nacho kimezoea kwamba kuhifadhi kukishindikana basi jina lina kasoro, kwa hiyo kinakulaumu wewe.

Kwa kawaida ulinzi huu huja ukiwa umezimwa, kwa hiyo kuna mtu aliuwasha kwenye kompyuta yako. Alifanya vizuri. Usiuzime. Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", shuka hadi "Manage ransomware protection", kisha "Allow an app through Controlled folder access". Bonyeza kitufe cha kuongeza, chagua zilizozuiwa karibuni, na utakiona kiprogramu chako kimekaa pale kinasubiri. Kiruhusu. Utahitaji nenosiri la msimamizi wa kompyuta.

Mambo mawili yatakusumbua baadaye nisipoyasema. Ruhusa hiyo hutolewa kwa programu iliyo mahali fulani. Kiprogramu chako hakiinstoliwi, unakihamisha unavyotaka; siku ukikihamishia folda nyingine, au ukipakua toleo jipya lenye folda yake, ruhusa haitakifuata na utakataliwa tena. Kitafutie makao ya kudumu. La pili ni la wale wanaotumia programu kubwa inayoita programu ndogo kufanya kazi maalumu, tuseme kuondoa chengachenga kwenye picha za usiku. Kubwa inaweza kuwa imeruhusiwa na ndogo haijaruhusiwa. Utaona picha inakwenda vizuri kwenye programu ndogo, lakini hairudi. Angalia orodha ya zilizozuiwa, utakuta jina usilolitarajia.

Programu za kuzuia virusi za makampuni mengine nazo zina ulinzi wa aina hii kwa majina yao. Ukiwa na moja, tafuta humo kabla ya kuilaumu Windows.

Swali: Fundi, mimi nilishapata dawa. Naifungua programu kwa "Run as administrator" na kila kitu kinasevu. Nimeweka iwe hivyo siku zote. Kuna ubaya? Ila siku hizi siwezi kuburuta picha kutoka kwenye folda na kuiachia ndani ya programu, panya anaonyesha alama ya kukataza. Sidhani kama vinahusiana. (Msomaji wa siku nyingi)

Jibu: Vinahusiana sana.

Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, hata kama akaunti yako ni ya msimamizi, programu unazozifungua hupewa uwezo wa mtumiaji wa kawaida mpaka useme vingine. Wewe umesema vingine. Sasa programu yako ya picha iko ngazi ya juu na dirisha la mafolda liko ngazi ya chini, na Windows hairuhusu kitu cha chini kurusha vitu kwenye cha juu. Ndiyo maana kuburuta kumekufa. Ukiwa na diski ya mtandao yenye herufi yake, utashangaa pia kwamba mara nyingi programu haiioni tena.

Hayo ni ya kuudhi tu. Linalonitia wasiwasi ni vile viongezeo, brashi na vichujio mnavyovipakua kutoka kila kona ya intaneti. Kila unachokiweka ndani ya programu inayoendeshwa kwa uwezo wa msimamizi kinapata uwezo huohuo juu ya kompyuta nzima. Kwa nini ukipe?

Hukuniambia unahifadhi wapi, lakini nabahatisha: ni kwenye folda ya programu yenyewe ndani ya "Program Files", au juu kabisa kwenye diski C bila folda. Huko mtumiaji wa kawaida haandiki, na ndivyo inavyotakiwa. Tengeneza folda ndani ya Pictures, hamishia kazi zako huko, kisha ondoa hiyo "Run as administrator". Kama una programu ya zamani sana iliyokuwa "inahifadhi" ndani ya "Program Files" bila kulalamika lakini ukienda huko huzikuti picha, zitafute kwenye AppData, Local, VirtualStore ndani ya folda ya akaunti yako. Windows huzihamishia huko kimyakimya programu isije ikakwama.

Swali: Kadi yangu ya SD inakataa kuandikwa. Inasema imelindwa. Nimejaribu kuifomati, inakataa pia. (Mwanafunzi)

Jibu: Itoe kadi, itazame ubavuni. Kuna kidude kidogo cha plastiki kinachoteleza. Kimeshuka upande wa "Lock". Kipandishe.

Kikiwa kimelegea, hushuka chenyewe unapoiingiza kadi, hapo weka kipande chembamba cha utepe wa gundi (selotepu) kuziba mwanya wake. Kidude hicho hakijaunganishwa na chochote ndani ya kadi. Kisomeo unachochomekea kadi ndicho kinachokitazama na kuamua. Kwa hiyo kadi ileile inaweza kukubali kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine, na kosa likawa la kisomeo. Kadi ndogo za microSD hazina kidude, ila kile kifuko chake cha kuingizia kwenye kompyuta kinacho. Kama kimepanda na kadi bado inakataa hata kufomatiwa, kwenye visomeo tofauti, zinakili picha zako leo hii. Kadi inayochoka wakati mwingine hujifunga ibaki kusomwa tu, na hairudi.

Swali: Shikamoo. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa, fundi akanitolea diski na kuiweka kwenye kiboksi cha USB. Picha za familia zote naziona. Nyingine zinafunguka, lakini nikizihariri siwezi kuzisevu. Folda moja haifunguki kabisa. Jina la akaunti ni lilelile kwenye kompyuta zote mbili, hata nenosiri ni lilelile. Inanikataaje? (Mama wa watoto wanne)

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa kompyuta. Windows haikujui kwa jina. Kila akaunti inapotengenezwa hupewa namba ndefu ya utambulisho inayoanza na S-1-5-21, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye folda kama mwenye mali. Akaunti yako mpya ina namba nyingine. Kwa macho ya kompyuta, aliyemiliki picha zile ni mtu asiyejulikana, nawe ni mgeni mwenye jina linalofanana na lake. Bofya kulia folda mojawapo, "Properties", kichupo cha "Security", utaikuta ile namba imekaa mahali ambapo pangekuwa na jina.

Picha zinazofunguka zina njia rahisi isiyohitaji ufundi wowote: zinakili, usizihamishe. Faili linalonakiliwa kwenda folda mpya huchukua ruhusa za folda hiyo mpya, kwa hiyo nakala zitakuwa zako moja kwa moja. Ukizihamisha ndani ya diski ileile hubaki na ruhusa zake za zamani, na utarudi kuniandikia. Tengeneza folda ndani ya Pictures ya kompyuta mpya, chagua picha, Ctrl+C, nenda kule, Ctrl+V.

Ile folda isiyofunguka inataka kazi kidogo. Ukiibofya, Windows itakuambia huna ruhusa na kukupa kitufe cha "Continue". Kwanza kibonyeze, mara nyingi kinatosha. Kisipotosha, rudi kwenye "Security", bonyeza "Advanced". Juu utaona "Owner" na neno "Change" pembeni. Libonyeze, andika jina la akaunti yako, hakiki, kubali, kisha weka tiki kwenye kisanduku kinachosema mmiliki abadilishwe pia kwa vilivyomo ndani. Funga madirisha yote, yafungue upya. Wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza, halafu wanakataliwa tena. Kuwa mmiliki kunakupa haki ya kugawa ruhusa. Ruhusa yenyewe bado hujajipa. Kwa hiyo rudi "Security", "Edit", "Add", jiongeze, jipe "Full control".

Fanya hivyo kwenye folda ya picha peke yake. Kuna watu watakushauri uifanye diski nzima kwa mkupuo mmoja. Kwenye diski ya nje utasubiri sana tu, lakini mtu akizoea hivyo akaja kuifanya diski C anayoitumia, ataivuruga Windows mpaka ishindwe kujisasisha.

Kama majina ya mafaili ndani ya folda ile yana alama ndogo ya kufuli, au kwenye Windows za zamani yameandikwa kwa kijani, hapo usijisumbue na umiliki. Mafaili hayo yamefungwa kwa msimbo, na kuyafungua kunahitaji cheti kilichokuwa kwenye akaunti ile ya zamani. Muulize aliyekutolea diski kama alikinakili.

Swali: Nimehamia Mac kutoka Windows. Diski yangu ya nje yenye picha zote inafunguka, Lightroom inazionyesha, lakini haiandiki kitu humo. Pia kuna programu nyingine inakataa kusevu kwenye Desktop. Nikirudi Windows kila kitu kiko sawa. (Mhamiaji)

Jibu: Una matatizo mawili tofauti.

La diski: ichague, bonyeza Cmd+I, soma panapoandikwa "Format". Ukikuta NTFS, umemaliza uchunguzi. Huo ni mpangilio wa Windows. MacOS inausoma, haiuandiki. Hakuna kisanduku cha ruhusa cha kuweka tiki kitakachobadilisha hilo. Mpangilio unaoandikika pande zote mbili ni exFAT, lakini kubadilisha ni kufomati, na kufomati ni kufuta, kwa hiyo hamisha kwanza kila kilichomo. Usiingie kwenye FAT32 kwa kuwa tu ni ya zamani na inasomeka kila mahali. Faili moja humo halivuki GB 4, na mnaotengeneza picha pana za kuunganishwa mtafika hapo.

La Desktop: tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, macOS huuliza mara ya kwanza programu inapotaka kugusa Desktop, Documents, Downloads au diski za kuchomeka. Kidirisha kinatokea ukiwa katikati ya kazi, unabonyeza "Don't Allow" ili kiondoke, na kuanzia hapo programu imefungiwa wala huulizwi tena. Fungua "System Settings", "Privacy & Security", "Files and Folders", tafuta jina la programu, washa Desktop. Ifunge programu uifungue upya. Kuna pia "Full Disk Access", ambayo watu huiwasha kwa uvivu kumaliza ubishi. Programu ya kupunguza ukubwa wa picha ina haja gani na barua pepe zako?

Swali: Natumia Linux ya Ubuntu, na picha nahariri kwa GIMP. Ilinikatalia kuhifadhi, nikasoma mahali, nikaifungua kwa sudo, ile amri ya kuendesha programu kwa uwezo wa msimamizi. Ikakubali. Siku ya pili nikaifungua kawaida, sasa inakataa hata picha ilizozikubali zamani. Nimeshauriwa nipige chmod -R 777 kwenye folda yangu yote ya nyumbani. Nipige? (Mpenda Linux)

Jibu: Usipige!

Fungua terminali, ingia kwenye folda ya picha, andika ls -l. Mstari wa picha inayokataa utaanza hivi: -rw-r--r-- 1 root root. Soma pamoja nami. Herufi tatu za kwanza baada ya kistari, rw-, ni za mmiliki: anasoma na kuandika. Tatu zinazofuata ni za kikundi, tatu za mwisho ni za watu wengine wote. Hao wana r peke yake, wanasoma tu. Sasa mmiliki ni nani? Ni root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Ulipoifungua GIMP kwa sudo, aliyehifadhi alikuwa root, picha zikawa zake, na wewe ukaangukia kwenye "wengine". Kila ulipotumia sudo uliongeza idadi ya picha zisizo zako.

Kinachotakiwa ni kurudisha umiliki:

sudo chown -R "$USER": ~/Pictures

Fanya vilevile kwa folda ya mipangilio ya GIMP iliyomo ndani ya ~/.config ukiona nayo ina mafaili ya root. Baada ya hapo GIMP ya kawaida itakubali. Hiyo 777 ingefanya kila faili lako liandikwe na yeyote mwenye akaunti kwenye mashine, pamoja na funguo zako za SSH za kuingilia kompyuta nyingine kwa mbali, ambazo zikiachwa wazi hivyo SSH yenyewe hukataa kuzitumia. Ungetibu picha ukaua kitu kingine.

Jambo moja huwachanganya hata wazoefu: faili ni lako, lina rw-, na bado kuhifadhi kunakataa. Itazame folda. Programu nyingi haziandiki moja kwa moja juu ya faili la zamani. Hutengeneza faili la muda pembeni, likikamilika ndipo linachukua nafasi ya lile la kwanza, ili umeme ukikatika usipoteze vyote. Kutengeneza faili jipya kunahitaji ruhusa ya kuandika kwenye folda, si kwenye faili. Andika ls -ld ukiwa humo uone folda ni ya nani.

Sasa ile mara ya kwanza ilikukatalia nini? Hukusema, lakini kama GIMP uliichukua kwenye duka la programu la Ubuntu, pengine ni ya aina ya Snap. Hizo hufungiwa uwanja wake, na diski za nje hazimo mpaka uzifungulie:

sudo snap connect gimp:removable-media

Za Flatpak, aina nyingine kama hiyo, nazo zina uzio wao, na programu ya Flatseal inakuonyesha uzio huo kwa vitufe vya kuwasha na kuzima. Na kama unatumia diski moja na Windows, mashine ikiwa na mifumo yote miwili, Windows ya kisasa ikizimwa haizimiki kabisa. Hulala nusu ili iwake haraka, na Linux ikiikuta diski katika hali hiyo huifungua kwa kusoma tu. Shika kitufe cha Shift unapobonyeza "Shut down" kule Windows, izimike kweli.

Swali: GIMP inakataa kusevu JPEG. Inataka xcf tu. Ruhusa naibadilisha wapi? (Mbunifu chipukizi)

Jibu: Hakuna ruhusa ya kubadilisha. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, kuhifadhi huko ni kwa ajili ya kazi yenye tabaka zake, yaani XCF. JPEG na PNG zimehamia "Export As" kwenye menyu hiyohiyo ya "File", au Shift+Ctrl+E.

Nikuongezee la jirani yake: ukikataliwa kwenye Windows, tazama jina. Tarehe yenye mikwaju (/) au saa yenye nukta mbili (:) haikubaliki kwenye jina la faili. Andika 2024-05-12.

Swali: Habari Fundi. Sina kompyuta, nahariri kwa simu ya Android. Programu yangu kila nikisevu inaniuliza kama naruhusu ibadilishe picha hii. Nimechoka, nikabonyeza kukataa. Sasa picha nikihariri hazionekani kwenye galari. Na kadi ya kumbukumbu haiandiki kabisa. (Msomaji wa simu)

Jibu: Nzuri, karibu. Kuulizwa kwako kulianza na Android 10 ya mwaka 2019, na toleo la 11 mwaka uliofuata likakaza zaidi. Zamani programu ikipewa ruhusa ya hifadhi iligusa kila kitu. Sasa ina uhuru na picha ilizozitengeneza yenyewe. Ikitaka kuandika juu ya picha iliyopigwa na kamera, lazima ikuombe. Kwa hiyo acha kuandika juu ya ile ya kwanza. Chagua kuhifadhi nakala, maswali yatapungua sana, na picha asilia itabaki ilivyo, jambo ambalo ningekushauri hata kama usingeulizwa.

Picha zisizoonekana zitafute kwenye programu ya mafaili, ndani ya Pictures au DCIM, kwenye folda yenye jina la programu yako. Galari nyingi huziweka kwenye albamu ya peke yake, hazichanganyi na za kamera. Kama hazimo, bofya kwa muda mrefu ikoni ya programu, ingia kwenye taarifa zake, kisha "Permissions", utazame picha zimeruhusiwa vipi. Kwenye Android 14 kuna chaguo la kuruhusu picha chache ulizozichagua. Ukilichagua bila kusoma, programu inaona hizo tu na unadhani nyingine zimepotea. Wenye iPhone wana mtindo huo tangu iOS 14 ya mwaka 2020, nao hupatikana kwenye "Settings", "Privacy & Security", "Photos".

Kadi ya kumbukumbu ni kisa cha zamani zaidi. Android 4.4 ilizifungia programu zisiandike kwenye kadi nje ya folda zao, na toleo la 5 likaleta njia ya mwenye simu kuikabidhi programu folda mahususi. Kwa hiyo tafuta kwenye mipangilio ya programu mahali pa kuchagua folda ya kuhifadhia. Ukibonyeza, dirisha la mafaili litafunguka. Ingia kwenye kadi, tengeneza folda mpya humo, kisha bonyeza kitufe cha kutumia folda hii, kilicho chini. Juu kabisa ya kadi, bila folda, matoleo mapya hayatakuruhusu kuchagua, kwa hiyo usihangaike napo. Kama programu yako haina kabisa sehemu ya kuchagua folda, ihifadhi picha kwenye simu, kisha uzihamishe kwenda kwenye kadi kwa programu ya mafaili.